Pontifex, Pontificis

Jumapili moja, baada ya Misa, kijana mmoja wa mafundisho ya ubatizo alitungojea mlangoni pa kanisa hapa Kamango, simu mkononi. «Mwalimu, ona, Papa anaandika kwa jina la Pontifex. Rafiki yangu asema ni jina la makuhani wa miungu ya Roma. Kama ni kweli, mimi sibatizwi.» Nasi jioni ile tulipaswa kumpelekea padri majina ya watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Hatukucheka.

Ndugu wasomaji, rafiki yake hakusema uwongo. Roma ya kale ilikuwa na makuhani walioitwa pontifices, watunzaji wa kalenda na sheria za sadaka. Mkubwa wao aliitwa pontifex maximus. Julius Caesar alichaguliwa kwa cheo hicho mwaka 63 kabla ya Kristo, na ndiye aliyetuachia mwaka mrefu wenye siku moja zaidi.

Lakini tulimwambia: kwanza tulisome neno lenyewe. Zamani seminarini tuliandika pontifexem, nalo likazungushiwa wino mwekundu. Maana ile x ni c na s zilizoshikana. S ikiondoka, c yabaki, na e yageuka i: pontifex, pontificis, pontificem. Ndivyo ilivyo pia kwa artifex, artificis, yaani fundi. Fex yatoka kwa facere, kufanya. Na ponti? Varro, mtaalamu wao, alisema ni pons, daraja, kwa kuwa makuhani hao walijenga na kutengeneza daraja la miti la mto Tiber. Scaevola, aliyekuwa mwenyewe pontifex maximus, alikataa: ni posse, kuweza. Mwenye kazi na mwenye kitabu hawakupatana! Sisi twampenda Varro.

Basi si jina la mungu, ni jina la kazi. Biblia ya Kilatini yamwita Kayafa pontifex, na katika Waraka kwa Waebrania yamwita Kristo vilevile. Wazee Wanande nao walimwita Mungu Nyamuhanga kabla misioni haijafika, na Wakristo hawakulitupa jina hilo.

Kijana alinyamaza kitambo. «Mwalimu, waliojenga daraja la Semuliki, njia ya Mbau, nao ni pontifices?»

«Kwa Varro, ndiyo. Kwa Scaevola, hapana.»

Akaizima simu. «Haya, andika jina langu.»