Gari la Kukaa Nalo

Wasomaji wa ukurasa huu hupenda kujadili asili ya maneno, basi nami leo naanzia huko, ingawa ninakokwenda ni gereji.

Tukitazama maneno tunayoyatumia barabarani, tunakuta mengi yalikwisha fanya kazi baharini kabla ya barabara kuwapo. Usukani ulikuwa wa jahazi. Nauli ilikuwa malipo ya chombo, na shehena ilikuwa mzigo wake. Hata sheria zetu huliita gari "chombo cha moto". Neno "gari" lenyewe limetoka Bara Hindi, na bima vilevile. Kisha Kiingereza kikatuletea breki, gia, klachi, rejeta, betri na pancha. Hivyo dereva anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, hali bahari ameiacha mbali mashariki, angali anashika usukani na kudai nauli, kama nahodha aliyepotea njia akajikuta milimani.

Naona ukweli katika ulinganifu huo. Jahazi halikununuliwa kwa sababu ya rangi yake. Mwenye nalo alitazama mbao, akamuuliza fundi, akafikiria pepo na miamba ya njia yake, ndipo akatoa fedha. Baada ya hapo alilipandisha pwani kila msimu, akalikwangua na kulipaka mafuta, kwa kuwa aliyajua maji atakayokwenda kuyakabili. Gari la familia nalo lastahili busara hiyohiyo. Sisi wa Usambara hatuna bahari, lakini tuna mlima, na mlima nao una desturi zake.

Asiyepafahamu kwetu na azingatie tarakimu hizi. Mombo iko takriban mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto takriban mita 1,400. Kati ya miji hiyo miwili pana barabara ya kilomita zipatazo 33, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, ukingo wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Reli ya Wajerumani ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea zake hadi Moshi bila kupanda kwetu. Kwa hiyo kabichi, karoti, viazi, mgonjwa, bibi harusi na maiti, vyote hupita barabarani. Ukivuka Lushoto kuelekea Magamba, Mlalo na Mtae, au ukichepuka Soni kwenda Bumbuli, utakutana na udongo mwekundu ambao wakati wa masika huwa kama sabuni.

Katika barabara hii gari hupimwa mara mbili: likipanda, mlima hupima injini na rejeta, likishuka, hupima breki. Wanaosubiri abiria stendi ya Mombo huijua ile harufu ya breki zilizoungua hata kabla gari halijasimama. Harufu hiyo ni taarifa kwamba dereva ameshuka kwa kukanyaga breki mfululizo, au ameshuka "frii" akidhani anaokoa mafuta. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto lisipopata nafasi ya kutoka, breki hulegea. Zaidi ya hayo, mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo kwa miaka. Joto likizidi, maji yale huchemka, mvuke ukaingia kwenye mirija, na mguu wa dereva ukazama mpaka sakafuni bila gari kushikwa. Anayeshuka kwa gia ya pili huiachia injini kazi ya kulizuia gari, naye hufika Mombo breki zake zikiwa baridi.

Nimeyataja haya kwa sababu mwaka jana mwanangu, ambaye ana mke na watoto wawili na hupanda kwetu karibu kila mwisho wa mwezi, alinipigia simu. Baada ya "Shikamoo, Baba" na "Marahaba, mwanangu," akaniuliza swali ambalo sasa naona linaulizwa katika kila ukoo: "Nimedunduliza fedha kwa miaka sita. Ninunue gari gani lisilonitia umaskini?"

Nilipenda namna alivyoliuliza. Hakuuliza gari lipi zuri. Fedha zile ndizo zilizokuwa akiba yake yote, na watakaoteremka nalo Soni ni wajukuu wangu. Nilimjibu kwa maswali matatu, nami nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

La kwanza: je, fundi wa karibu yako analijua gari hilo? Dereva wa Lushoto huharibikiwa Lushoto, haharibikiwi Yokohama. Gari ambalo vipuri vyake hupatikana Korogwe na Tanga, na ambalo kijana wa gereji amelifungua mara mia, lina thamani kuliko gari bora zaidi ambalo kompyuta yake inasomwa Dar es Salaam peke yake. Ndiyo maana magari ya aina moja hujazana katika wilaya moja. Wengi hudhani ni kuigana, kumbe ni hekima ya pamoja: kila gari linalokufa huwaachia vipuri ndugu zake walio hai.

La pili: je, gari hilo limekwisha pimwa na njia kama zako? Wakubwa wenzangu wataikumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyomaliza, na lililoshinda ni Peugeot 404. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena, na mshindi akawa yuleyule, Nick Nowicki, kwa Peugeot 404 vilevile. Watu wetu hawakuhitaji tangazo baada ya hapo. Peugeot 404 na mdogo wake 504 zikawa teksi za masafa na magari ya wenye nafasi, na Land Rover ikabaki ya maofisa, mapadri na hospitali. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na Toyota ikavirithi viti vyote hivyo.

La tatu: je, ukilinunua utabakiwa na fedha za kulitunza? Anayemaliza akiba yote kwenye bei, ushuru na bandari huwa ametoa mahari bila kufikiria chakula cha bibi harusi. Nilimshauri anunue gari dogo kuliko uwezo wake, na kiasi kinachobaki kiwe cha mikanda, tairi, shokapu na mafuta ya breki katika mwezi ule wa kwanza. Kuhusu kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, nilimwambia asizisadiki upesi, maana mashine huweza kurudishwa nyuma. Atazame pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haiwezi kuwa ya gari lililotembea kilomita 60,000.

Huenda msomaji akauliza nina mamlaka gani ya kutoa ushauri huu. Ninalo gari moja, Toyota Corolla ya mwaka 1998, yenye gia za mkono, niliyoipata mwaka 2005 ikiwa na kilomita 92,000. Siku hizi Watanzania huhesabu umri wa gari kwa herufi ya usajili: namba A, B, C, D, na sasa E. Langu ni namba A, na vijana huliamkia. Limesomesha watoto watatu, limepeleka wagonjwa usiku, limebeba magunia ya viazi kuliko lilivyokusudiwa. Leo lina kilomita 391,000. Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,000 kutoka duniani, kwa hiyo washairi wenzangu wanaoutungia mwezi wajue kwamba kwa hesabu za dashibodi gari langu limekwisha fika.

Siri yake haina miujiza. Oili na filta hubadilishwa kila kilomita 5,000, na tarehe huandikwa katika daftari la shule lenye mistari. Mkanda wa taimingi, ambao huharibika bila kupiga kelele, umebadilishwa mara tatu: ya kwanza wiki ile lilipofika, kisha kila kilomita 100,000. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili kabla ya masika. Mfuniko wa rejeta nao nauheshimu. Maji ambayo pwani huchemka kwa nyuzijoto 100, Lushoto huchemka kwa takriban 95, na mfuniko ndio unaotunza shinikizo la kuyazuia yasichemke mapema. Kipande hicho kidogo cha bati kimeua injini nyingi za watu waliokipuuza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gereji ingesema usiponunua mfuniko utanunua injini.

Hapa ndipo lugha inaporudi. Kwa miaka hii ishirini nimegundua kwamba dereva hulitunza gari kwa kadiri ya maneno aliyo nayo. Fundi wangu, ambaye hakupita sekondari, ana vitenzi vya gari kuliko kamusi zetu. Gari linamisi, linachemsha, linakohoa, linakula oili, linakunywa mafuta, linavuta kushoto. Breki zinalia, zinakwaruza, zinagoma, zinafeli. Bushi inagonga, beringi inavuma, mkanda unapiga mluzi. Kila kitenzi ni uchunguzi kamili. Mteja anayesema "gari lina mlio" humlazimisha fundi abahatishe, na kubahatisha hulipiwa na mteja. Anayesema "linavuma nikizidisha mwendo, na likikata kona kulia uvumi unazidi" amekwisha itaja beringi ya kushoto kabla gurudumu halijafunguliwa. Kuwa na neno ni kuwa na sikio.

Nasikitika, basi, kuona vijana wetu wasomi wakiona haya kusema maneno haya, kana kwamba ni ya watu wachafu wa mikono, na huku hawana mengine ya kuyabadilisha. Tunabishana kwa jazba iwapo ni "gari hili" au "gari hii", na ubishi huo una nafasi yake (mimi ni wa "hili"). Lakini atakayeandika orodha kamili ya vitenzi vya gereji ataihudumia lugha zaidi, na huenda akaokoa abiria pia.

Tafakarini vilevile kitenzi chetu "kutengeneza". Siku hizi tumekifunga katika maana ya kurekebisha kilichovunjika. Kumbe mzizi wake ni "tengenea", yaani kuwa katika hali njema. Anayetengeneza hulifanya jambo litengenee. Kwa maana hiyo, gari zima nalo hutengenezwa, na ndilo hasa la kutengenezwa.

Mwalimu mwenzetu mmoja aliishi kwa maana hiyo. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi huko New York, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, mwaka uleule Corolla ya kwanza ilipozaliwa Japani. Alilitumia kwenda kazini, na alipostaafu akaendelea kuzunguka nalo Marekani. Mwaka 2013 lilitimiza maili milioni tatu, yaani kilomita zipatazo milioni 4.8. Alifariki mwaka 2018. Alipoulizwa siri yake, jibu halikuwa la kushangaza: alikifuata kitabu cha matengenezo, akalisikiliza gari.

Sisemi kwamba kila gari kuukuu lastahili kubakizwa. Chuma kikiliwa na kutu mpaka chesisi, au fundi akikutazama machoni akasema "Mwalimu, sasa basi," ni wajibu kusikia. Ukaidi kwa gari bovu ni hatari kwa abiria kama ulivyo uzembe kwa gari jipya. Lakini wengi wetu tunayaacha magari yakiwa na nusu ya umri wao, kwa kuwa jirani ameleta namba E. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na vidonda vya mikopo ya magari hapa wilayani nimeviona.

Mwanangu amenunua Corolla, ndogo kuliko aliyoitamani, yenye gia za mkono. Amebakiwa na fedha za tairi nne. Juzi alinipigia simu akasema, "Baba, upande wa mbele linagonga nikipita kwenye shimo, lakini kwenye lami limetulia." Nikamwambia aangalie bushi, kisha nikakata simu nimeridhika, kwa sababu alikuwa amenielezea vizuri.

Kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, nawaachia beti mbili nilizomwandikia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la matengenezo:

Gari si la kupambia, kwa wapitao njiani,
Chombo cha kutumikia, watu wako wa nyumbani,
Mlio ukisikia, uchunguze ni wa nini,
Kushuka kuna udhia, kwa asiye na makini.

Kununua kwapendeza, wengi hilo hutamka,
Kazi ni kuendeleza, miaka ikitimka,
Oili ukipunguza, injini itateseka,
Mwendo wa mwenye kutunza, ndio mwendo wa kufika.

Nanyi mlioko Mbeya, Kigoma, Mombasa, Bukavu na kwingineko, gereji za kwenu husemaje gari linapoanza kuugua? Niandikieni vitenzi vyenu. Daftari langu lina kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa.