Mgono, Mshipi na Ujuzi wa Mvuvi

Mwingereza anayevua trauti kwa ufito wa mianzi, kamba ya hariri na ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, hakuna anayemwita mshamba. Husifiwa kwa kupenda sanaa. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, na uvuvi huo ukaota mizizi kwenye mito ya milimani. Lakini mzee wa mwambao wa Geita anayeendelea kusuka mgono, au anayekaa na mshipi mkononi wenzake wakitega nyavu za nailoni, huonekana amepitwa na wakati. Naona tunamwonea. Raha ya hao wawili ni moja: zana ya zamani haimpi mvuvi kitu mpaka amjue samaki.

Tazama mgono wenyewe. Ni kapu refu la fito, mdomo wake umesukwa kuingia ndani na kubana, samaki apite kwa urahisi na ashindwe kurudi. Nafasi kati ya fito na fito ndiyo huamua nani anaswe, nani aende zake. Anayeutega hana budi kujua kambale hupanda lini maji ya mvua yanapofurika, na hufuata mkondo upi. Ujuzi huo haukupotea kwa siku moja. Nyavu za kitani ziliingia Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, zikimwandama ngege. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta ngege wameanza kupungua, akapendekeza matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Miaka ya 1950 ikaja nailoni, nyepesi, isiyooza, na katika muongo huohuo Tanganyika ikaiacha sheria ya inchi 5 iliyotokana na pendekezo hilo. Sangara walipofurika miaka ya 1980, furu wa aina nyingi wakatoweka, na aliyejua njia zao akabaki na elimu isiyo na samaki.

Atakayesema mgono hauwezi kulisha soko la Katoro, mkoani Geita, wala wachimbaji wa dhahabu wanaotaka kitoweo kila siku, anasema kweli, nami simshauri mtu atupe wavu wake. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: ukale si wema. Kukokota samaki hadi ufukweni nako ni kwa zamani, tangu enzi za kukokota kwa mafunjo, na mrithi wake, kokoro, huzoa vifaranga mahali pao pa kukulia. Tanzania ililipiga marufuku miaka ya 1990. Kwa hiyo sitetei umri wa zana. Natetea zana inayochagua. Sangara wa ndoana mara nyingi hupandishwa akiwa hai, na aliye chini ya sentimeta 50, kipimo cha sheria, anaweza kurudishwa majini. Wavu uliolala usiku kucha humtoa amekwisha kufa.

Mgono nao bado una mahali pake. Shinyanga haina ufuko wa ziwa, lakini ina majaluba ya mpunga, na maji yakijaa kambale huingia humo. Hapo wavu hunasa kwenye mashina na kung'oa miche. Mgono hukaa kwenye upenyo wa tuta, maji yanapopita, na mpunga hausikii kitu.