Jiwe Kubwa na Jiwe Dogo

Mtoto wetu alituuliza baada ya Alasiri: jiwe kubwa na dogo yakiachiwa pamoja, lipi litatangulia kufika chini? Tukamjibu kwa haraka, kama wazee tulivyozoea, kuwa ni kubwa. Hakuridhika. Akapanda ngazini akayaachia. Tukasikia kishindo kimoja tu. Tukamwamrisha arudie mara tatu, na mambo yakawa yale yale. Kisha akaachia karatasi, ikachelewa. Akaifinyanga ikawa donge, ikaanguka karibu sawa na jiwe. Kumbe ni hewa iliyoizuia! Mwaka 1971 David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikafika pamoja.

Haikuwa rahisi kumwambia, mbele ya mama yake, kuwa tuliokosea ni sisi. Tulimwambia. Tangu hapo maswali yake hayaishi.