Masizi

Picha pekee ya babu iliyobaki ni ya pasipoti. Ilipigwa studio, Tanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na bibi huiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti za kodi ya kiwanja. Nyingine zote zililiwa na mchwa, wakazila pamoja na sanduku lake. Katika picha hiyo kanzu ya babu ni nyeupe mno hata mikunjo haionekani, kofia ni nyeupe vilevile, na katikati, mahali pa uso, pana doa jeusi lenye macho mawili. Pua ukiitafuta utaiona. Mdomo, hapana.

Babu alifariki nikiwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni mkono wake ukinimenyea chungwa, kisu kikizunguka bila kuinuka mpaka ganda lote lidondoke kama kamba moja. Uso siukumbuki. Basi siku nilipomwambia bibi kwamba najifunza kuchora kwa kompyuta, alicheka, kisha akasema, "Kama ni hivyo, mume wangu mdogo, nichoree mume wangu mkubwa kabla macho hayajafunga kabisa." Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sikuwa na uwezo wa kuifanya kazi hiyo, wala sikuwa na uso wa kukataa. Nikakubali.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nasoma takwimu, na laptopu yangu ilinunuliwa kwa ajili ya tasnifu. Tabuleti ya kuchorea niliipata Kariakoo, ya mtumba, isiyo na kioo. Ni kibao cheusi cha plastiki chenye ukubwa wa daftari, na kalamu isiyo na wino. Unachora mezani, mstari unatokea kwenye skrini. Mkono uko huku, jicho liko kule, na kwa wiki nzima havikufahamiana. Sikuweza hata kuandika jina langu likasomeka. Maduara yangu yalikuwa kama chapati za mtu anayesukuma kwa mara ya kwanza.

Programu niliyotumia ni Krita. Ni ya bure, na ukishaiweka haikudai intaneti, sifa mbili ambazo mwanafunzi anayeishi kwa bando hazichukulii kirahisi. Nilijipangia nusu saa kila usiku baada ya tasnifu: mistari, maduara, mayai, halafu mayai yaliyoangaziwa na taa kutoka upande mmoja. Nilijifunza leya, ambazo ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mchoro wa awali unakaa kioo cha chini, rangi kioo kinachofuata, mwanga kioo cha juu. Ukikosea mwanga, unatoa kioo kimoja tu, vingine vinabaki salama.

Lakini kitu cha kwanza ambacho kompyuta ilinifundisha kwa kweli ni kukimbia kosa. Ukibonyeza Ctrl na Z, ulichofanya sasa hivi kinafutika kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Nilikuwa nachora mstari, naufuta, nachora, naufuta, nusu saa inaisha na ukurasa ni mweupe kama nilivyoukuta. Mwishoni nilibandika kipande cha plasta juu ya kitufe cha Z. Kwa mtu anayesoma takwimu, kuikosa z si jambo dogo. Tasnifu ililala siku tatu. Ila mkono, ulipojua kwamba hakuna pa kurudi, ulianza kwenda polepole na kwa uhakika. Mstari uliopinda niliupitia tena pembeni mpaka ukawa shavu.

Baada ya miezi minne nilimchora babu. Masomo ya video niliyokuwa nafuata yalichora karibu yote watu weupe: ngozi rangi ya pichi, mashavu ya waridi, kivuli cha kahawia. Kwa ngozi yetu nilijitungia kanuni mwenyewe, nikiona ni akili ya kawaida. Nilichagua kahawia moja. Penye kivuli nikaongeza nyeusi, penye mwanga nikaongeza nyeupe. Pale picha ya pasipoti iliponyima taarifa, nilibuni. Nilipomaliza niliona nimeweza. Niliwatumia marafiki, wakanijibu kwa alama za moto. Kisha nikaituma kwenye simu ya binamu yangu anayeishi na bibi Muheza.

Binamu alinisimulia baadaye kwamba bibi aliishika simu karibu na jicho, akaisogeza mbali, akairudisha tena. Halafu akauliza, "Mbona amempaka masizi?"

Jioni ile nilimpigia mama. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba macho ya bibi sasa yamekwisha, hata rangi hazitambui tena. Mama akasikitika. Nami nilikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto wa jicho huitia lenzi umanjano, bluu zikafifia na rangi nyingine zikabadilika. Nilikuwa nimesoma pia kwamba Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alipatwa na ugonjwa huohuo, michoro yake ya miaka hiyo ikazidi wekundu na ukahawia, mpaka alipofanyiwa upasuaji mwaka 1923. Nilimtumia Monet dhidi ya bibi yangu. Ilikuwa rahisi kuliko kuifungua picha na kuitazama upya.

Aliyenifanya niitazame ni jirani, fundi wa kuchora mabango. Vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za saluni za mtaa wetu, vingi ni kazi yake. Sikumwonesha picha ili anifundishe. Nilimwonesha ili anisifu. Aliitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma bei.

"Dogo," alisema, "nyeusi ni ya maandishi. Mtu hapakwi nyeusi."

"Sasa fundi, kivuli cha mtu mweusi unakipata wapi?"

Hakujibu kwa maneno. Alichukua kifuniko cha kopo, akadondoshea nyekundu, akatia bluu, akatia njano kidogo, akakoroga kwa kijiti. Ikatoka rangi iliyoiva, nzito kuliko kahawia ya dukani, na ilipogeuzwa juani ilikuwa na damu ndani yake. Pembeni akachanganya kahawia ya kopo na nyeusi. Ile ya pili ilikuwa nzito vilevile, lakini imekufa. Nilijua mara moja nimeiona wapi.

Nilipomuuliza alijifunzia wapi alisema hakuna, alianza kwa kuharibu kuta za watu. Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila shule ya sanaa, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao. Wanyama wake leo tunawaona kwenye kila duka la watalii na tunawachukulia kama waliozaliwa hivyo, lakini lazima palikuwa na siku rangi ya baiskeli ilipomgomea, akaanza tena.

Wiki iliyofuata nilifanya jaribio, kwa njia ninayoijua. Saa sita mchana nilikaa barazani nikajipiga picha kwa simu, nikaiingiza kwenye Krita, nikachota rangi kutoka sehemu 40 za uso wangu na kuziandika kwenye jedwali. Kompyuta huipa kila rangi namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nyeusi kamili ni sifuri tatu. Katika sehemu zote 40 sikupata sifuri tatu hata mara moja. Kwenye paji la uso, mwanga ulikuwa wa kibluu, rangi ya mbingu imejilaza pale. Shavuni palikuwa na kahawia yenye wekundu. Chini ya kidevu, mahali ambapo ningeapa pana giza tupu, kulikuwa na rangi ya machungwa iliyopanda kutoka kwenye sakafu nyekundu ya baraza. Hata ndani ya tundu la pua palikuwa na wekundu wa gizani.

Nilipoigeuza picha ile kuwa ya kijivu, ili nione mwanga peke yake bila rangi, nikajifunza la pili. Umbo la uso wangu halikujengwa sana na vivuli. Lilijengwa na mng'ao: mstari wa pua, kifundo cha shavu, ukingo wa mdomo wa chini. Masomo yangu yalinifundisha kuuchonga uso kwa kuutia giza. Uso kama wa babu huchongwa zaidi kwa kuuachia nuru ipite mahali pake.

Hapo ndipo nilipoielewa ile pasipoti. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha filamu za rangi kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mweupe. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Ukimvika mtu mweusi kanzu nyeupe mbele ya filamu ya namna hiyo, kitu kimoja lazima kipotee. Studio ile ilichagua kanzu, au haikujua kwamba inachagua. Na mimi, zaidi ya miaka 30 baadaye, nikiwa na rangi zaidi ya milioni kumi na sita kwenye ncha ya kalamu, nilifanya kosa lilelile kwa hiari yangu.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi Juni. Nilikwenda Muheza bandeji ilipokwisha kutolewa. Alikuwa amekaa ukumbini na miwani ya jua, akikagua dunia kama mtu aliyerudi safari na kukuta nyumba imepangwa upya. Mlango wa jirani, aliniambia, ni wa bluu. Miaka yote hii alijua ni wa kijani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mume wangu. Umekonda."

Nilikuwa na picha mpya, lakini nilianza na ya zamani. Nilitaka kujua. Nilimwekea laptopu mapajani. Alivua miwani, akatazama kwa jicho jipya, la lenzi safi.

"Masizi yaleyale," alisema.

Nilimwambia, "Bibi, niliwaambia watu kwamba huoni."

"Nilisikia."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na kitufe cha kubonyeza.

Nikamfungulia mpya. Hii nilikuwa nimeifanyia kazi wiki saba. Hapakuwa na nyeusi hata tone. Kofia ilikuwa na bluu upande wa kivuli, kanzu ilirudisha weupe wake chini ya taya, paji la uso lilishika mbingu. Kwa kuwa pasipoti haikunipa mwanga wowote wa kufuata, niliufuata wa uso wangu mwenyewe, nikiketi barazani saa ileile na kioo mkononi. Bibi alinyamaza muda mrefu. Nikaanza kuandaa maneno ya unyenyekevu, yale ya kupokea sifa.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Huyu ni wewe," alisema. "Huyu ni wewe umevaa kofia ya mume wangu. Kumbe utani wetu umeuchukulia kweli?"

Binamu alikuja kuangalia, naye akacheka mpaka akakaa chini. Nilitazama skrini. Taya ilikuwa yangu. Pua ilikuwa yangu. Hata ile namna ya kuinamisha kichwa ilikuwa ya mtu anayejitazama kwenye kioo. Kwa wiki saba nilikuwa nimepata rangi ya mtu mweusi aliye hai, na mtu mwenyewe nilimkosa.

"Rangi ndiyo," bibi alisema alipomaliza kucheka, akijifuta jicho moja kwa ncha ya khanga, kwa uangalifu, kama alivyoagizwa na daktari. "Rangi ndiyo yake kabisa. Alikuwa na weusi wa kung'aa namna hiyo akitoka kuoga. Lakini paji lake lilikuwa linaishia hapa." Akagusa skrini. Kidole chake kilikuwa na mafuta ya nazi, kikaacha alama. "Na sikio halikulala. Lilisimama, kama linasikiliza."

Sikuifuta alama ile. Nilitoa tabuleti kwenye begi, nikafungua leya mpya juu ya zote, nikaanza kulisogeza paji mpaka kwenye mafuta. Bibi akainamia bega langu.

"Panda. Panda kidogo. Hapo. Hapana, umepitiliza."

Nikashuka.

"Nyusi zilikuwa nzito zaidi. Sio hivyo, hizo za kwako. Zake zilikuwa hazifiki mwisho."

Ni zaidi ya miaka ishirini tangu babu azikwe, na sina picha nyingine ya kulinganishia anachokisema. Darasani tungeuita ushahidi wa shahidi mmoja, tungeuweka pembeni. Nilichora nyusi zisizofika mwisho. Uso ukaanza kunitoka, sehemu baada ya sehemu, na anayeingia nilikuwa simfahamu. Bibi aliacha kutoa maelekezo. Nilipogeuka nilimkuta ameufunika mdomo kwa mkono.

Adhana ya alasiri ikaanza. Alisimama, akashikilia ukuta, akatafuta ndala zake kwa mguu. Mlangoni aligeuka.

"Usimfute," alisema. "Mdomo bado. Mwache hapohapo, nikimaliza kuswali tuendelee."