Njia ya Miguu katika Msitu wa Masako

Mtu wa Kisangani akitaka kuuona msitu mkubwa wa nchi yetu, haimpasi kusafiri majuma mengi. Akishika barabara ya zamani ya Buta, baada ya kilomita 14 hivi atafika Masako, mahali ambapo mto Tshopo umejipinda na kuukumbatia msitu wa hektari 2,105. Msitu huo uliwekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1953, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamechunguza huko miti na wanyama, hasa panya wa msituni.

Njia huanzia mashambani. Kwanza mna mihogo na migomba, kisha vichaka vya mashamba yaliyoachwa yapumzike. Mbele kidogo ardhi hushuka. Matope hushika miguu, miwale husimama majini, na kando yake huota majani mapana ambayo mama zetu hufungia chikwange. Ukivuka kijito na kupanda tena, mara jua lafifia. Umeingia katika msitu wa limbali.

Limbali ni mti wa namna ya pekee. Huota kwa wingi hata miti mingine ikakosa nafasi. Mbegu zake ni kubwa na nzito. Hazichukuliwi na upepo, bali huanguka mita chache tu kutoka kwa mama yao. Miche yake hukaa kivulini kwa saburi miaka mingi, ikingoja mti mzee uanguke ipate mwanga. Kwa hiyo msitu wa namna hii huenea polepole mno. Shoka laweza kuangusha kwa siku moja mti ambao wajukuu wetu hawatauona tena mahali pale.

Na shoka lipo. Mji wa Kisangani hupika kwa kuni na makala, na watu wanazidi kuongezeka. Mashamba nayo yamesogea hata ndani ya hifadhi. Tusiwe wepesi kuwalaumu wakulima, maana wana watoto wa kulisha. Sisi wa mjini tununuao gunia la makala, je, twauliza limetoka wapi? Jiko lisilokula makala mengi, na miti ya kuni iotayo upesi, kama akasia zilizopandwa huko Yangambi, ni msaada ambao kila jamaa yaweza kuutoa.

Enyi wanafunzi, ombeni ruhusa, mwende Masako pamoja na mwalimu wenu. Jifunzeni majina ya miti ingali imesimama.