Nilimficha Joram Kiango

Vitabu vilikuwepo. Vilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu, hapa Lumumba, mtaa wa Bunia mashariki mwa Kongo, vimezungushiwa kitenge ili vumbi lisiviharibu. Nilimtazama kijana usoni nikamwambia havipo. Nilimwambia kwamba ukishammaliza Musiba, riwaya za namna ile kwa Kiswahili zimekwisha, na sasa umefika wakati wa kusoma vitabu vya watu wazima. Nilijua ni uongo hata kabla sijafunga mdomo.

Kijana mwenyewe simtaji. Alikuwa jirani, mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa familia iliyokimbia vijiji vya Djugu ikaja kupanga chumba mtaani kwetu. Shuleni alifundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili alikisema nyumbani, sokoni na kanisani, na kitabu kinene cha Kiswahili alichokijua kilikuwa Biblia peke yake. Alipogundua kwamba kuna mtu ameandika kwa lugha hii habari za bastola, hoteli kubwa na majasusi, akawa ananisubiri mlangoni nikitoka kazini. Nilimpa Kufa na Kupona, kile cha mwaka 1974 ambamo Elvis Musiba anampeleka mpelelezi wake Willy Gamba Nairobi. Kikarudi upesi, pembe za kurasa zikiwa zimenyooshwa vizuri kuliko nilivyokitoa. Nikampa Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979.

Hicho ndicho kilichomteka. Humo Gamba anakuja Kinshasa. Kijana hakuwahi kuiona Kinshasa, na wengi wetu huku Ituri hatujaiona. Kutoka Bunia unakwenda kwa ndege kama una pesa, au unatafuta njia mpaka Kisangani kisha unaukabidhi mwili wako kwa mto. Mji mkuu wa nchi yake aliujua kwa redio na kwa nyimbo za Kilingala. Sasa Mtanzania alikuwa anamtembeza humo kwa Kiswahili, barabara kwa barabara. Akaniletea maswali. Gamba aliongea lugha gani na madereva wa teksi wa Kinshasa? Na kwa nini atoke mtu Dar es Salaam kuja kuwasaka wauaji kwetu, sisi hatukuwa na mpelelezi? Yalikuwa maswali ya msomaji hasa, anayekiingia kitabu na kuangalia kila mlango. Mimi niliyaona ya kitoto. Nilimjibu kwa mkato.

Akamaliza Njama. Akamaliza vyote vya Gamba nilivyokuwa navyo. Jioni moja akasimama mlangoni, kitabu cha mwisho mkononi, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Bunia: “Mwalimu, ingine iko?”

Zilikuwepo riwaya za Ben Mtobwa. Shangazi yangu, aliyekuwa akifuata bidhaa Dar es Salaam, aliniletea katikati ya marobota miaka mingi nyuma. Mtobwa alizaliwa mkoa wa Kigoma, ng’ambo tu ya Ziwa Tanganyika ukitazama kutoka Kongo, na mpelelezi wake Joram Kiango ndiye ndugu wa karibu zaidi wa Willy Gamba katika fasihi yetu. Ni ndugu asiyefanana naye kabisa. Gamba ni mtumishi wa serikali, anatumwa na wakubwa. Kiango anajituma mwenyewe, ana uchungu moyoni, na hata wakubwa hawamwamini sikuzote. Msomaji aliyempoteza Gamba akikutana na Salamu Kutoka Kuzimu au Tutarudi na Roho Zetu, anapata mbio zilezile na mtu mpya wa kumhofia. Nilijua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe, baada ya Musiba, ndivyo nilivyookolewa. Nilivisoma usiku, mlango umefungwa.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wangu: nilivisoma mlango umefungwa. Nililelewa na elimu ambayo fasihi ni Kifaransa, na ikiwa ya Mkongo basi ni Mudimbe. Katika chumba cha walimu sikuwahi kutamka jina la Kiango. Niliona haya. Kijana alipoanza kupita mtaani akisema “Mwalimu ndiye anayenipa vitabu,” nikataka vitabu hivyo viseme jambo fulani kunihusu. Nikatoa rafuni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, nikampa kwa sauti ya mtu anayekabidhi urithi.

Nagona ni kitabu kikubwa. Nakisema hivyo bila kusita, maana Kezilahabi, yule mwana wa Ukerewe, alikifanyia Kiswahili kitu ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu. Lakini hakina mpelelezi, hakina mkosaji wa kukamatwa. Kina mtafutaji asiye na jina, kinapinda kutoka ndoto hadi falsafa, na kinamdai msomaji awe amezoea kupotea. Kumpa mtu aliyetoka Kikosi cha Kisasi jana ni kumvusha mto mahali pasipo na daraja wala mtumbwi. Sikumwambia hata neno la kumwandaa. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikiacha njiani.

Alikirudisha akiwa ameweka kipande cha karatasi karibu na mwanzo. Alikuwa amekifuta jalada. Akasema: “Nimeshindwa, Mwalimu. Akili yangu bado.”

Uongo wa kwanza ningeweza kuutetea. Ningejisingizia kwamba nilimtakia makuu. Huu wa pili hauna utetezi. Aliposema akili yake bado, nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba sanduku liko hatua chache kutoka aliposimama. Badala yake nikasema, “Utakomaa.” Nikamwacha aondoke akiamini kwamba mlango wa vitabu vya Kiswahili una kimo, naye hajakifikia. Hakuja tena kuomba kitabu. Tulisalimiana barabarani kama majirani.

Tangu hapo nimewaza sana mtu anataka nini anapomaliza mfululizo alioupenda. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes, wasomaji wa Uingereza, wenye maduka ya vitabu na magazeti ya hadithi kila mji, walilalamika mpaka mwandishi, miaka kadhaa baadaye, akamrudisha. Hawakuwa na upungufu wa vitabu vingine. Walikuwa wamefiwa na mwenzi. Sasa mfikirie kijana wa Lumumba, ambako sijawahi kuona duka lenye rafu ya riwaya za Kiswahili, ambako kitabu hufika kwa mkono wa mfanyabiashara aliyepita njia ya Mahagi, na barabara hiyo nayo kuna siku haipitiki kwa sababu ya silaha. Kwake mwisho wa Gamba ulikuwa mwisho wa kila kitu, na mtu pekee aliyeweza kumwambia vingine alikuwa mimi.

Ningempa Kiango kwanza. Kisha ningempeleka Unguja, kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, taratibu, kwa sababu huko bastola hazilii. Kuna mzee mwenye kiko na akili, na maneno matamu. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957–58, ukachapwa mwaka 1960. Hadithi ya upelelezi, hiyo niliyoionea haya, imo miongoni mwa misingi ya riwaya ya Kiswahili ya kisasa! Nilikuwa naijua tarehe hiyo na bado niliona haya. Halafu Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, kwa sababu humo makachero wa Mwingereza ndio wanaomwinda Denge, na msomaji aliyezoea kukimbia pamoja na mpelelezi anajikuta safari hii anakimbia na anayesakwa. Hapo Kezilahabi angekuwa karibu, kuanzia Rosa Mistika. Nagona angekuja kuiomba mwenyewe, au asingeiomba, na pasingeharibika kitu.

Nilimfuata baada ya miaka. Ilikuwa baada ya Mei 2021, Ituri ikiwa imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na yeye alikuwa na mke na pikipiki ya kubeba abiria. Nilibeba vile vya Mtobwa kwenye mfuko, nikamwambia yote pale nje kwake. Akavigeuza kimoja kimoja, akauliza: “Siku ile vilikuwa kwako?” Nikasema vilikuwa kwangu. Akasema, “Ningevisoma, Mwalimu.” Hakunitukana. Akaniletea kiti, tukaongea habari za bei ya petroli.

Yeye hajavifungua. Anarudi usiku amechoka, na nadhani neno langu la siku ile bado limo ndani yake. Mkewe ndiye aliyevichukua. Amevimaliza, akatuma mtoto wa jirani kuniuliza kama Joram na mwenzake Nuru wana kitabu kingine, nami nikampelekea Mzimu wa Watu wa Kale pamoja na ujumbe kwamba mwanzo unakwenda polepole, asikate tamaa, na kwamba akikichoka akirudishe bila haya. Sasa yumo katika Kisima cha Giningi. Cha mwisho katika mfululizo huo, Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984, sina. Nimemwagiza mama mmoja anayesafiri Dar es Salaam mwezi ujao, na pesa nimempa mapema.