Kitambaa cha Mlango wa Gari

Kuna jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu nikiona aibu kuliandika. Linahusu kitambaa cha mlango wa gari letu, na msicheke, maana kitambaa hicho ndicho kilichotufanya mimi na mume wangu tuzungumze kweli baada ya miaka miwili.

Sisi tunaishi Same mjini. Kwa ambao hamjafika huku, mji wetu uko chini kwenye tambarare, na milima ya Upare imesimama juu yetu. Kule juu, upande wa kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta. Huku chini mvua ni chache na jua halina huruma. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, ndani huwa kama tanuri la mkate.

Gari lenyewe ni dogo, la mitumba, kutoka Japani. Mume wangu alilinunua kwa fedha za tangawizi ya shamba letu la Mamba, bila kuniambia. Fedha hizo tulikuwa tumekubaliana ziwe ada ya binti yetu katika chuo cha uuguzi. Jioni moja nilisikia honi uani, watoto wakatoka mbio wakishangilia. Nami nilitoka, nikatabasamu. Usiku ule nilipika makande, nikamtengea, nikamwuliza gari linakula mafuta kiasi gani. Binti yetu alikaa nyumbani mwaka mzima.

Sikugombana naye. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mke mwema hamfokei mumewe, na nikadhani kunyamaza ndiyo upole. Kanisani tulikaa benchi moja. Wenzangu katika kikundi cha akina mama waliniambia nimebarikiwa, nami nikaitikia amina. Lakini kila nilipofungua mlango wa gari lile, moyo ulinichoma.

Basi baada ya miaka miwili ya jua la Same na vumbi la njia ya Kisiwani, kitambaa cha milango kikaanza kuachia. Kwanza kilitoa uvimbe mdogo karibu na kioo, kisha kikaning'inia kama shavu la mzee. Watu hututania sisi Wapare kwa ubahili, na kwa hilo sikuwaangusha: sikutaka kumlipa fundi hata senti. Nikanunua kopo dogo la gundi, nikaingiza brashi kwa juu, nikapaka palipofikika, nikakandamiza kwa kiganja. Kikashika. Nikajisifu.

Jumapili iliyofuata tulimpa lifti mama mchungaji. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la ibada. Kabla hatujafika, kitambaa chote kilimdondokea mapajani, na unga wa rangi ya manjano ukammwagikia. Mama wa watu alicheka, akajikung'uta. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ile mume wangu aliutazama mlango, akachukua ule unga kidogo, akausugua kati ya vidole. Akasema, “Mama, gundi yako haina kosa. Umebandika kitambaa juu ya unga.”

Akanieleza. Nyuma ya kitambaa cha mlango kuna sponji nyembamba sana. Joto likizidi miaka mingi, sponji hiyo huoza na kuwa unga. Ukipaka gundi juu yake, gundi hushika unga, na unga haushiki kitu. Dawa ni kuung'oa ubao wote, kubandua kitambaa na kuondoa uozo wote, ndipo ubandike upya.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijakali, tuliegesha gari chini ya mwarobaini tukaanza kazi. Nitawaeleza tulivyofanya, maana huenda na nyumbani kwenu kuna mlango wa namna hiyo.

Tulifungua skrubu za kishikio kwa bisibisi. Mkono wa kushushia kioo haukuwa na skrubu. Umeshikwa kwa nyuma na waya mdogo uliopinda. Tulipitisha tambara nyuma yake tukalivuta huku na huku mpaka waya ukachomoka. Angalieni, huruka mbali, na mdogo wetu wa mwisho alikesha kuutafuta mchangani kama shilingi iliyopotea. Kisha tukauchomoa ubao taratibu kwenye vibanio vyake vya plastiki, kimoja kimoja, maana ukivuta kwa hasira vinavunjika. Nyuma yake kulikuwa na nailoni, inayozuia maji ya mvua yanayopita ndani ya mlango yasiloweshe ubao. Tuliihifadhi ili tuirudishe.

Kazi kubwa ilikuwa kuondoa unga. Tulijifunga vitambaa puani. Yeye alikwangua ubao kwa kisu butu, mimi nikasugua nyuma ya kitambaa kwa brashi ya kufulia. Unga ulitoka mwingi kuliko nilivyodhani.

Tukiwa katika kusugua, akasema bila kuniangalia, “Hili gari hulipendi.”

Nikajibu, “Silipendi.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ulipopiga honi.”

Kisu chake kikasimama. Nikamwambia yote: namna binti yetu alivyokuwa amekwisha kukunja nguo zake sandukuni, na namna nilivyomwona akizitoa moja moja na kuzirudisha kabatini. Sikupaza sauti, lakini machozi yalidondokea kitambaa.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama nakumbuka usiku ule mama yake alipougua kule Mamba, akateremshwa mlimani kwa machela gizani. Nilikumbuka. Akasema tangu usiku ule alikuwa akilala na hofu, akiona yeye ni mtoto wa kiume asiye na kitu cha kumbebea mama yake. Alijua nikiulizwa nitakataa, kwa hiyo hakuniuliza. “Nilikukosea,” akasema. “Wewe na mtoto.” Kisha akaongeza, “Lakini ulitabasamu, mke wangu. Mimi nilidhani umenisamehe.”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu pia. Hofu yake sikuijua kwa kuwa sikumwuliza, na uchungu wangu hakuujua kwa kuwa niliufunika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anasema juu ya watu waliopaka chokaa ukuta dhaifu. Mvua ilipokuja, ukuta ukaanguka na chokaa yake. Miaka miwili nilikuwa mpaka chokaa, nikauita upole.

Tulimaliza kazi. Kitambaa tulikifua, tukakianika mpaka kikakauka kabisa. Tulitumia gundi ya mafundi viatu, tena nje penye hewa, mbali na jiko na watoto, maana harufu yake ni kali na hushika moto upesi. Paka nyembamba pande zote mbili, ubaoni na kitambaani. Ukijaza sana itapenya na kutia madoa. Subiri kama dakika kumi na tano, mpaka ukigusa haishiki kidole. Kisha laza kitambaa kuanzia katikati, ukikisukuma kwa kiganja kwenda pembeni, na mwisho kunja kingo nyuma ya ubao. Tuliacha ubao kivulini hadi kesho yake ndipo tukaurudisha.

Mavuno yaliyofuata tulizihesabu fedha mezani sote wawili, na ada ikatoka kwanza. Binti yetu sasa yuko mwaka wa pili. Mwaka alioupoteza haukurudi, na baba yake alimwita akamwomba radhi mwenyewe. Mama mkwe naye tumekwisha kumteremsha mara mbili kwenda hospitali katika gari lile lile, na siku hizo nilikaa nyuma nikimshika mkono, nikamshukuru Mungu kwa gari.

Mlango wa upande wangu una kona moja yenye uvimbe kidogo, pale tulipochoka tukaacha unga. Mume wangu alitaka kuufungua tena. Nimemwambia tutaufungua pamoja Jumamosi moja, na siku hiyo nina jambo lingine dogo la kumwambia.

Dada yangu unayesoma, kama kuna kitu umekifunika kwa tabasamu, usiongeze gundi. Ondoa unga kwanza, kwa upole, na ikiwezekana muuondoe wote wawili. Bwana awabariki.